Limao na Mawese

Gungu, Kigoma
18 Agosti 2024

Mdogo wangu Elida,

Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu tangu ulipopanda basi kurudi shule. Barua yako ya kwanza niliipata, na ile ya pili ya kuniuliza kama nimekukasirikia nayo niliipata. Sijakukasirikia. Kila nikishika kalamu Wema anaanza kukohoa, nikimaliza kumfuta sina tena nguvu ya kuandika. Sasa hivi amelala kwenye bega langu la kushoto, naandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo mwandiko uuvumilie.

Elida, Wema alikunywa maji ya kostiki.

Unajua mama mkwe na mimi tunavyopika sabuni. Kostiki inayeyushwa leo, inaachwa ipoe, kesho ndiyo inaingia kwenye mawese. Siku hiyo ilikuwa kwenye ndoo nyeupe nyuma ya jiko, na kifuniko juu. Mama mkwe anachuja mawese, mimi naosha vibao vya kumwagia sabuni. Hakuna aliyekuwa mbali. Tulisikia kilio tu, tukamkuta mtoto amesimama kando ya ndoo, kifuniko chini, kikombe chake mkononi, kidevu kimeshakuwa chekundu.

Hapo kila mtu akafanya lake. Mimi nilikimbilia malimao. Unakumbuka mwezi wa sita ulivyotufundisha pale pale jikoni? Ulichemsha rozela, ukatia kijiko cha maji ya kostiki, ile rangi nyekundu ikageuka kijani. Ukakamulia limao, nyekundu ikarudi. Mama mkwe alicheka akasema, "Winfrida, huyu mdogo wako mchawi." Wewe ukamjibu, "Siyo uchawi, Mama. Asidi na besi zikikutana zinazimana, yanabaki maji na chumvi." Hayo maneno yalinikaa kichwani kuliko yote niliyofundishwa kabla sijaacha shule. Nikamkamulia mtoto malimao mawili kinywani.

Mama mkwe akanisukuma. "Unampa nini wewe! Unamwongezea ukali!" Akamnywesha mawese, kikombe kizima, kama anavyofanyiwa huku mtu yeyote aliyekula sumu. Wema akatapika. Akatapika tena. Mwanzoni alikuwa analia anaita mama. Baada ya hapo mdomo ulikuwa unaita lakini sauti haitoki.

Ya hospitali sikuelezi, yatanimaliza. Tumerudi nyumbani. Anakula kwa mrija uliowekwa tumboni, uji mwepesi na maziwa. Koo limekaza kwa kovu, limebaki katundu kadogo, hata mate mengine anayatema. Daktari anasema atakwenda Mwanza kutanuliwa koo, na siyo mara moja.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Habari ya ndoo hakuna anayeigombania, sabuni ni kazi ya nyumba nzima na inatulisha wote. Wanachogombania ni kilichofuata. Mama mkwe anasema koo la mtoto lilimalizwa na limao langu, na kwamba mama anayemfanyia mwanawe majaribio ya shule hafai kumlea. Anataka Wema ahamie kwake Simbo. Mimi nasema ni mawese. Mzee Filemoni, yule baba mkubwa wa mume wangu, ataita kikao mwezi ujao. Ameshatoa na kanuni: mtoto atalelewa na yule ambaye mkono wake haukumwongezea kidonda. Mume wangu mwenyewe, Yona, yuko ziwani na wenzake wa dagaa. Akirudi anasema, "Tuwasikilize wazee," basi, anakula analala.

Wakinichukulia Wema sasa, Elida, sijui nitabaki na nini. Ni mimi ninayejua kikohozi cha mate na kikohozi cha uji. Muulize mwalimu wako wa kemia: nilikosea au sikukosea? Niandikie kwa maneno ninayoweza kuyasoma mbele ya wazee.

Dada yako,
Winfrida


Bwenini, Kasulu
31 Agosti 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Nimelia mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Wema wangu! Matroni alinipa ruhusa nikamfuata Mwalimu Gasper maabara baada ya vipindi, nikamweleza kila kitu, na yeye akaacha hata kuosha vyombo vyake akakaa chini kunisikiliza. Nakuandikia kwa Kiswahili ingawa darasani tunasoma kwa Kiingereza, na nimepanga ili usome mbele ya kikao.

Kostiki ni besi kali. Besi inayoyeyuka kwenye maji inaitwa alkali. Ukali wa asidi na besi unapimwa kwa kipimo kinachoitwa pH, kuanzia sifuri hadi kumi na nne. Maji safi yako katikati, saba. Limao liko kwenye mbili. Sabuni yenu ikishakauka vizuri iko kama kumi. Maji ya kostiki yako kumi na nne, mwisho wa mstari. Na wazee wasidhani kumi na kumi na nne ni majirani. Kila namba moja unayopanda, ukali unaongezeka mara kumi. Kwa hiyo kutoka sabuni hadi kostiki ni mara elfu kumi.

Kostiki haiunguzi juu juu kama moto. Inayeyusha nyama ikizama ndani. Mafuta ya mwili inayageuza sabuni kama inavyofanya kwenye pipa lenu. Ndiyo maana ukiigusa vidole vinateleza. Ule utelezi siyo wa kostiki, dada, ni wewe mwenyewe unaanza kuwa sabuni.

Kuna mabadiliko ya aina mbili. Chumvi ikiyeyuka kwenye maji, chemsha maji yakauke, chumvi utaipata. Hayo ni mabadiliko ya umbile tu. Lakini mawese yakishakuwa sabuni hakuna namna ya jikoni ya kuyarudisha kuwa mawese. Hayo ni mabadiliko ya kikemia. Koo la Wema limepata hayo ya pili. Samahani kuandika hivi.

Sasa hapa usome polepole. Mwalimu amesema wazi kabisa: mtu aliyemeza kostiki asitapishwe kamwe, kwa sababu ikirudi juu inapita kooni mara ya pili. Na mafuta mengi yanatapisha. Kwa hiyo yale mawese yalimuumiza.

Kuhusu limao usijisumbue. Asidi na besi zinatoa chumvi na maji kama nilivyowaonyesha. Mlinganyo wake uko sawa.

Mbusu Wema kwenye paji la uso. Ukipata mtu wa kuja huku naomba sukari, pedi, na kandambili, zangu zimekatika zote mbili upande mmoja.

Mdogo wako,
Elida


Gungu
22 Septemba 2024

Elida mdogo wangu,

Kandambili, pedi na sukari umeviona, nilimpa kondakta. Asante kwa barua. Imefanya kazi uliyoituma.

Kikao kilikaa uani kwetu. Mzee Filemoni kwenye kiti, Yona kwenye ndoo iliyogeuzwa kama mgeni aliyekuja kuuliza njia, mama mkwe mkekani na kitenge chake kipya, maana alikuja kushinda. Nikasoma. Nilipofika kwenye namba, mzee akanikatiza.

"Hiyo pH ni nani?"

"Ni kipimo, baba. Kama cha homa, lakini cha ukali."

"Na limao ni mbili?"

"Mbili."

"Mbona mbili ni ndogo na limao linauma meno?"

"Kwa asidi inahesabiwa kinyume. Ikishuka ndiyo inakuwa kali."

Mama mkwe akacheka. "Mnaona? Kwao hata kushuka ni kupanda."

Watu wakacheka, hata mimi kidogo. Nikaendelea. Nikafika pale pa kutapika. Niliposoma kwamba kostiki ikirudi juu inapita kooni mara ya pili, mzee akasema nirudie. Nikarudia.

"Margareta," akamwita mama mkwe kwa jina, jambo ambalo sijawahi kulisikia. "Ulimnywesha mawese?"

"Nilimnywesha. Nimelea watoto saba kwa mawese. Huyo Yona aliyeketi hapo alikunywa mafuta ya taa ana miaka miwili, nikampa mawese, akatapika, akapona. Muulizeni."

Yona akaangalia chini.

"Na limao mwalimu anasemaje?" mzee akauliza.

Nikasoma ulivyoandika. Usijisumbue, mlinganyo uko sawa. Mama mkwe akaomba ile karatasi. Hajui kusoma vizuri, lakini aliishika, akaigeuza nyuma kutazama kama kuna kitu kingine, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama vile mimi ndiye mkubwa.

Uamuzi: Wema abaki kwangu.

Nilifurahi, Elida, sikufichi. Nilimfunga mgongoni nikazunguka naye uani kama ndiyo kwanza nimejifungua. Lakini mama mkwe alikusanya sufuria zake siku ile ile akarudi Simbo, na pipa la sabuni ameniachia. Tangu hapo hajaja. Wema alikuwa na kamchezo naye ka kupuliziana hewa masikioni, kwa kuwa hawezi kuongea. Sasa akisikia bodaboda anapuliza hewa akitazama mlangoni. Na maneno yameshatembea. Mwanamke mmoja Kibirizi, tunayemuuzia sabuni za kuoshea mabeseni ya dagaa, aliniuliza, "Ni kweli bibi yake ndiye aliyemmalizia?" Nikasema, "Ndivyo kemia inavyosema." Nilipogeuka sikuipenda sauti yangu.

Sasa napika sabuni peke yangu na ninaogopa. Ndoo ya kostiki inalala kwenye sanduku lenye kufuli, lakini inaweza kunirukia mimi. Niambie, niweke chupa ya siki karibu ili ikinimwagikia niizime mara moja? Kiasi gani kwa kiasi gani? Nipe hatua kwa hatua.

Wako,
Winfrida


Bwenini, Kasulu
5 Oktoba 2024

Dada Winfrida,

Shikamoo. Nimefurahi Wema amebaki kwako.

Kuhusu siki: hapana, usiweke. Weka ndoo ya maji safi karibu, ikikumwagikia mimina maji mengi, endelea kumimina muda mrefu, basi. Siki usiitumie. Wala limao. Fuata hivyo tu, tafadhali.

Na ukiyeyusha, kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, siyo maji kwenye kostiki, inaweza kuruka.

Mama Margareta anaendeleaje? Labda ungemwita arudi kupika. Sabuni ni kazi ya watu wawili. Ungemwambia tu yaishe. Yeye hakujua.

Nina mtihani wa majaribio ya maabara wiki ijayo. Sihitaji kitu.

Elida


Gungu
20 Oktoba 2024

Elida,

Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko ile ndefu.

Wewe mtu ukiulizwa swali la kemia unajibu mpaka muulizaji anaomba maji ya kunywa. Mwezi wa sita nilikuuliza kwa nini sabuni inatoa povu, uji ukaungua jikoni unanieleza vichwa na mikia ya chembe za sabuni. Leo nimekuuliza siki, unaniambia "fuata hivyo tu, tafadhali". Na limao umelitaja mwenyewe, sikukuuliza.

Basi nikafanya kama mlivyofanya nyinyi maabara. Nilichukua vikombe viwili vya bati vinavyofanana. Kila kimoja nikatia maji ya kostiki kidogo, yale makali yenyewe yaliyolala yakapoa, siyo kijiko kimoja ndani ya sufuria ya rozela kama ulivyofanya wewe. Kimoja nikaongeza maji ya kawaida, kingine maji ya limao kwa kiasi hicho hicho. Nikavishika kwa nje, mkono huu na mkono huu.

Cha maji kilipata joto kidogo. Cha limao kilipanda, kikapanda, kikafika kama kikombe cha chai unayoweza kuanza kuinywa.

Nikarudia. Nikamwita jirani yangu Veneranda ashike bila kumwambia kipi ni kipi. Akasema, "Hiki umekitoa jikoni?" Nikamwambia hakijafika jikoni.

Halikuwa joto la kuunguza mkono. Lakini mkono wangu ulikuwa mzima, Elida. Ule mlinganyo wako unabakiza chumvi na maji, na unabakiza moto ambao hukuuandika. Nilimtilia mtoto wangu moto huo juu ya nyama iliyokuwa imeshachubuka, nikiwa nimemshika kichwa ili asikwepe.

Sikuulizi kama ulijua mwezi wa sita. Ulikuwa hujafika huko, ni mtoto wa shule, na mimi ndiye niliyechukua mchezo wa rangi nikaufanya dawa. Nakuuliza ulijua nini siku ile unatoka maabara na maneno ya Mwalimu Gasper. Niandikie alichosema chote. Usinipake mafuta.

Mimi nakwenda Simbo. Sijui siku gani, maana Wema ana homa na siwezi kumwacha. Lakini nakwenda.

Winfrida


Bwenini, Kasulu
27 Oktoba 2024

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na naomba usiichane kabla ya kumaliza.

Mwalimu Gasper alisema mambo matatu. Alisema wasimpe asidi yoyote, limao wala siki, kwa sababu zikizimana zinatoa joto, na joto linaunguza juu ya palipoungua. Alisema wasimpe mafuta wala kitu chochote cha kumtapisha. Alisema mtoto asuuzwe kinywa kwa maji safi, akiweza kumeza apewe mafundo machache tu, akimbizwe hospitali. Na alisema, nilipoanza kulia, kwamba kilichounguza ni kostiki yenyewe kwenye yale mafundo ya kwanza, na nyinyi wote wawili mliongeza juu yake, hakuna anayeweza kupima nani kiasi gani.

Mimi nilikuandikia la pili tu. Nilikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa na yote. Nikaona ukiisoma kwenye kikao watamchukua Wema, na ni kwa somo langu. Nikaandika ya pili.

Lakini dada, nakuomba usiende Simbo sasa. Nimefikiria kila usiku. Kanuni ya mzee Filemoni ni ya mkono usioongeza. Ukisema, umejitoa mwenyewe. Wema bado hajaenda Mwanza. Nani atamlisha kwa mrija? Mama Margareta ni mzima, ana shamba, ana watoto wakubwa, aibu ataizoea. Wema hawezi kuzoea kukukosa. Subiri mpaka koo litanuliwe, halafu tutasema pamoja. Nitasema mimi. Nitapiga magoti.

Niadhibu mimi, lakini usiende.

Elida


Gungu
17 Novemba 2024

Elida,

Barua yako ilifika nikiwa nimeshatoka Simbo. Hata ingefika kabla, ningekwenda.

Nilimkuta mama mkwe shambani anapalilia maharage. Hakunyanyua mgongo.

"Karibu, mwenye barua. Leo umekuja na ipi?"

"Nimekuja bila barua, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mtoto?"

"Homa imeshuka. Nimemwacha kwa Veneranda."

"Basi sema, jua linapanda."

Nikasema. Nilimweleza vikombe viwili. Nilimweleza joto. Nikamwambia barua niliyosoma kikaoni ilikuwa nusu, na ile nusu nyingine ilikuwa yangu. Aliendelea kupalilia mpaka mwisho wa tuta. Akarudi na tuta la pili akinielekea.

"Kwa hiyo hata wewe."

"Hata mimi."

"Unajua wanawake wa hapa walikuwa wananiletea watoto wao wakiumwa matumbo? Niwakande tu, niwaombee. Sasa hawaleti. Jana nimepita kwenye nyumba moja mama akamvuta mwanawe ndani. Mimi, Margareta!"

"Nitawaambia, Mama. Mmoja mmoja."

"Utawaambia. Na Filemoni utamwambia. Halafu?"

Nilijua anauliza nini.

"Halafu wataamua," nikasema.

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mjinga au una moyo?" Akanipa jembe lake, nikamalizia tuta, yeye akaenda kuchemsha chai. Hatukukumbatiana, hatukulia. Chai haikuwa na sukari na sijui kama alisahau.

Mzee Filemoni aliita kikao tena. Nilisema mbele ya wote, na Veneranda akashuhudia vikombe. Nilifikiri wataniambia nimfungie Wema nguo aende Simbo. Nilikuwa nimeshazifunga. Mama mkwe naye alikuwa amekuja na kitenge cha kumbebea.

Mzee akasema, "Kanuni tuliiweka wenyewe. Mkono usioongeza. Sasa mikono yote miwili imeongeza." Akamgeukia Agnesi, dada yake Yona anayekaa Ujiji, ambaye siku ile ya kostiki hakuwepo kabisa. "Wewe utamchukua."

Mama mkwe akasimama. "Filemoni, huyu Agnesi hata kuku hajawahi kufuga!"

"Ndiyo maana hajaua hata mmoja," mzee akasema, na kuna waliocheka. Elida, kuna waliocheka.

Nikamwambia Yona, "Sema." Akasema, "Wazee wameshasema." Nikamwambia, basi na ugali wakupikie wazee, maana mimi sipiki tena. Hilo ndilo nililompa, sina kubwa zaidi.

Tulipotoka mama mkwe alinipita mlangoni. "Umeona? Ungenyamaza, angalau mmoja wetu angekuwa naye." Simlaumu. Ndivyo ulivyoandika na wewe, kwa maneno mengine. Mmefikiri sawasawa, mmoja aliyenionea huruma na mwingine aliyeonewa.

Sijakata mguu Ujiji. Nilimwambia mzee pale pale kwamba mtoto ataenda, lakini mrija nitausafisha mimi asubuhi na jioni mpaka Agnesi aweze, na Mwanza nitampeleka mimi, daktari ameandika jina langu na siyo la ukoo. Akakubali. Agnesi siyo mbaya. Anaogopa tu. Anashika ule mrija kama nyoka, anamimina uji haraka, Wema anajikunja. Namwambia, "Taratibu, wifi, usimshindilie." Ananiambia, "Winfrida, kaa wewe umlishe, mimi nikuangalie." Nakaa. Halafu naondoka, na Wema ananipulizia hewa mpaka nifike barabarani.

Kwamba mambo mengine yakishageuka hayarudi, ulinifundisha vizuri. Ila usilitumie kwa kila kitu. Koo la Wema litatanuliwa kwa nguvu, kidogo kidogo, litauma, litajikaza tena, litatanuliwa tena. Daktari hajasema halitafaa. Na mimi sijasema wewe siyo mdogo wangu. Ninachosema ni kwamba sikuamini tena. Hayo ni mawili.

Usipige magoti kwa mtu. Soma, na ukifunga shule shuka Simbo kabla hujafika kwangu, umsalimie Mama, umwambie mwenyewe ulichokata. Shamba lake litakuwa linataka palizi ya pili, kwa hiyo vaa nguo za kazi.

Kabla ya hapo kuna vitu navihitaji kutoka huko, na usipunguze hata kimoja:

Maneno ya Mwalimu Gasper, yote matatu na lile la nne, kwa mkono wake na jina lake chini. Nakala nne: ya kwangu, ya Simbo, ya Agnesi, na moja nitaibandika Kibirizi kwenye meza ya sabuni.

Karatasi za litmasi nyekundu, zile zinazogeuka bluu zikigusa kostiki, hata vipande vichache, nizisugue kwenye beseni la sabuni mbele ya macho ya Agnesi aone rangi ya kuogopa.

Jibu la mwalimu, siyo lako: kovu la kostiki likitanuliwa, limao la kwenye chakula litakuja kumuuma Wema au la, na baada ya muda gani aulizwe daktari.

Kitabu chako cha kemia cha kidato cha kwanza na cha pili. Usininakilie. Kitabu chenyewe, kizima, na zile kurasa ulizoona hazinihusu.

Winfrida